Mlango wa Wodi na Ugonjwa Unaobishaniwa: Somo la Kifafa katika Bonde la Kilombero na Milima ya Mahenge

Utangulizi

Miongoni mwa maamuzi yanayofanywa hospitalini, limo moja lisilohitaji kisu wala sindano, na ambalo hata hivyo humnyang'anya mgonjwa kitu asichoweza kukipata tena dukani: uamuzi wa kumzuia asiondoke. Uamuzi huo huwa mgumu zaidi pale ugonjwa wenyewe unapobishaniwa, yaani pale mgonjwa anaposema hivi, ndugu wakasema vile, na wataalamu nao wasiafikiane kama chanzo ni ubongo, ni hofu, au ni jambo jingine. Somo hili linakusudia kumsaidia mhudumu wa afya kutambua ni wakati gani anaweza kumzuia mgonjwa na ni wakati gani hana ruhusa ya kufanya hivyo. Linakusudia pia kumsaidia mgonjwa na ndugu zake waijue haki yao.

Kifafa kimechaguliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ni ugonjwa uliokita mizizi katika eneo hili, hasa kwenye milima ya Mahenge inayopakana na bonde la Kilombero upande wa kusini. Pili, ni ugonjwa ambao akili ya mgonjwa huweza kuondoka kwa saa chache kisha ikarudi kamili. Anayejua kumtendea haki mgonjwa wa kifafa atajua kumtendea haki mgonjwa yeyote mwenye maradhi ya kudumu ambayo watu wanayabishania.

Mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili. Mwanamke mwenye umri wa miaka 24 analetwa hospitalini Ifakara na kaka zake wawili kutoka kijiji kimoja cha Ulanga. Tangu utotoni amekuwa akianguka. Safari hii ameangukia jikoni, mkono wa kulia ukaungua. Usiku wa kwanza anapata degedege mara tatu mfululizo. Baada ya ile ya tatu anainuka akiwa hajitambui, anaelekea mlangoni, anamsukuma muuguzi, wala hajui alipo. Anashikwa, analazwa kwa ubavu, anapewa dawa, na mlango unafungwa.

Siku ya tatu asubuhi ameamka mzima. Anataja jina lake, siku ya wiki, jina la hospitali na sababu ya kuletwa. Anamwambia muuguzi, "Nesi, naomba niende nyumbani. Mpunga umeiva na mtoto nimemwacha kwa mama." Kaka yake mkubwa anajibu kabla ya muuguzi, "Msimruhusu, nesi. Huyu dada yetu si mzima, ana mashetani. Tukirudi naye ataanguka motoni tena." Daktari kijana, ambaye jana yake alimwona akitikisika kwa namna isiyofanana na ya usiku wa kwanza, ameandika kwenye faili kwamba huenda mgonjwa anajifanya. Mlango unaendelea kufungwa.

Swali la somo hili ni moja: mlango huo ulifungwa kwa haki siku ipi, na kwa dhuluma siku ipi? Msomaji aliweke swali hilo moyoni; litajibiwa mwishoni.

Kifafa cha Mahenge na mabishano yake

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Louise Jilek-Aall, alifika Tanganyika na kufanya kazi miongoni mwa Wapogoro wa Mahenge. Alikuta watu wengi wenye kifafa kuliko alivyotarajia, na akakuta pia namna walivyoishi. Wengi walitengwa. Walilala katika vibanda vyao peke yao, wakala katika vyombo vyao peke yao, kwa kuwa iliaminika kwamba mate na pumzi ya mgonjwa huambukiza. Aliyeangukia motoni aliweza kuachwa aungue, kwa sababu kila mtu aliogopa kumgusa. Ugonjwa huo ulihusishwa na mizimu na uchawi, na jina lenyewe, kifafa, masikioni mwa msikilizaji lilikuwa jirani wa kifo.

Daktari huyo alieleza pia kitu ambacho tiba ilikuwa haijakipa jina: watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kana kwamba wanasinzia, na ambao wengi wao baadaye walipata kifafa cha kuanguka. Wenyeji walisema mtoto amesinzia kichwa. Kwa miaka mingi maelezo hayo hayakupewa uzito mkubwa nje ya Mahenge. Watoto wa namna hiyo walipoonekana kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ndipo watafiti waliporejea maandishi ya Mahenge ya miaka ya 1960. Baadhi ya wazazi wa kaskazini mwa Uganda walilazimika kuwafunga watoto wao kamba mtini walipokwenda shambani, wasije wakaangukia motoni au kupotelea porini. Kamba ile haikutokana na ukatili. Ilitokana na kukosa dawa na kukosa mtu wa kubaki nyumbani.

Ukubwa wa tatizo umepimwa. Utafiti wa Daktari Rwiza na wenzake, uliochapishwa mwaka 1992, uliwachunguza watu 18,183 katika vijiji vya wilaya ya Ulanga na kuwakuta 207 wenye kifafa. Kiwango kilikuwa takriban watu 10 katika kila 1,000, na katika baadhi ya vijiji kilipita 30 katika kila 1,000. Tafiti za baadaye Mahenge zimeonyesha kwamba kifafa bado ni kingi, hasa vijiji vya mashambani, na zimekihusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na nzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Namna minyoo hiyo inavyouathiri ubongo bado inachunguzwa. Kwa hiyo hata leo sehemu ya kifafa hiki inabishaniwa chanzo chake, ingawa hakuna daktari anayebisha kwamba mgonjwa anaumwa.

Hapo pana fundisho la kwanza. Mtoto aliyesinzia kichwa mwaka 1960 alikuwa mgonjwa kweli, ingawa vitabu havikuwa na jina la ugonjwa wake. Elimu ilichelewa, mgonjwa hakuwa mwongo.

Kuta za zamani na kliniki isiyo na ukuta

Katika nchi nyingi za karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, jibu la kifafa lilikuwa ukuta. Wagonjwa waliwekwa katika makazi maalumu au katika hospitali za wagonjwa wa akili, na wengi hawakutoka tena. Ujerumani makazi ya Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, yalianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Katika Afrika Mashariki, Lutindi kwenye milima ya Usambara ilianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Baadaye serikali ya Waingereza ilijenga hospitali ya Mirembe, Dodoma. Hospitali za namna hiyo, katika makoloni kama huko Ulaya, ziliwapokea pia watu wenye kifafa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka.

Ukuta huo ulijengwa mara nyingi kwa nia njema. Waliouanzisha waliona watu wakiungua na kuzama, wakataka kuwalinda. Lakini ulinzi usio na tarehe ya mwisho hugeuka kifungo, na mtu aliyewekwa kando kwa sababu ya ugonjwa hupoteza shamba, ndoa na jina lake kijijini, vitu ambavyo dawa haivirudishi.

Mahenge ilifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1960 ilianzishwa kliniki ambayo wagonjwa waliijia kwa miguu yao, wakapimwa, wakapewa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu inayomezwa kila siku, kisha wakarudi makwao. Hapakuwa na mlinzi langoni. Mwaka 1992 Jilek-Aall na Rwiza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo kwa miaka 30. Wakati wa matibabu, zaidi ya nusu yao degedege ilikoma kabisa, na kwa wengine zaidi ya theluthi moja ilipungua. Watu waliokuwa wakila peke yao walirudi kula na wenzao, kwa kuwa jamii iliyaona mabadiliko kwa macho yake.

Lakini utafiti huohuo una upande wa huzuni ambao mhudumu hapaswi kuuruka. Miaka 30 baadaye takriban theluthi mbili ya wagonjwa wale walikuwa wamefariki, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe: degedege isiyokatika, kuzama majini, kuungua moto. Kwa hiyo kaka wa mgonjwa katika mfano wetu hasemi upuuzi anapoogopa moto. Hofu yake ina msingi. Kosa lake ni kudhani kwamba mlango wa wodi unaweza kuizuia hatari hiyo. Mlango huzuia kwa siku tatu au saba. Kidonge kinachomezwa kila jioni, na kinachopatikana kila mwezi, huzuia kwa miaka.

Ubishi wa wataalamu si kosa la mgonjwa

Yapo magonjwa ambayo hata leo vipimo vya kawaida havionyeshi kitu, lakini mgonjwa hawezi kuinuka kitandani. Mfano unaojulikana ulimwenguni ni ugonjwa wa uchovu sugu. Mwaka 1955 wafanyakazi wengi wa hospitali ya Royal Free, London, waliugua kwa mlipuko. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili walioyasoma majalada yao waliandika kwamba ilikuwa hofu ya kundi. Maoni hayo yaliwaandama wagonjwa wa namna hiyo kwa miongo mingi.

Matokeo yake yalionekana Uingereza mwaka 2003. Mwanamke kijana wa Brighton, aliyekuwa hawezi kuvumilia mwanga wala sauti, alitolewa nyumbani kwake kwa nguvu ya sheria ya afya ya akili, polisi wakiwa wamevunja mlango, akapelekwa wodi ya wagonjwa wa akili. Baada ya takriban wiki mbili aliachiwa. Hali yake ilizidi kudhoofika, na mwaka 2005 alifariki dunia. Uchunguzi rasmi wa kifo chake, uliofanyika mwaka 2006, ulitamka kwamba alikufa kwa figo kushindwa kazi kutokana na upungufu wa maji mwilini, uliosababishwa na ugonjwa huohuo wa uchovu sugu. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha uvimbe katika vifundo vya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo. Mwaka 2021 mwongozo wa kitaifa wa Uingereza kuhusu ugonjwa huo uliandikwa upya, na mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, yaliyokuwa yakipendekezwa kuwa tiba, yakaondolewa.

Kisa hicho kinahusu nchi tajiri yenye sheria nyingi na mahakama zilizo wazi. Kama kosa la namna hiyo linaweza kutendeka huko, linaweza kutendeka popote ambapo neno la mtaalamu mmoja, akiwa na hakika iliyopita elimu yake, linatosha kufunga mlango.

Tukirudi kwenye kifafa, liko jambo linalowachanganya wahudumu wengi. Baadhi ya wagonjwa hupata mitikisiko inayofanana na degedege lakini isiyotokana na umeme wa ubongo. Mitikisiko hiyo hutokea zaidi kwa watu waliopitia machungu mazito, na huweza kumpata mtu yuleyule mwenye kifafa cha kweli. Mgonjwa wa mitikisiko hiyo hajifanyi. Hakuchagua wakati wake wala namna yake, na anahitaji tiba yake, ambayo kwa sehemu kubwa ni mazungumzo na kuondolewa hofu. Neno "anajifanya" likishaandikwa kwenye faili, kila anayelisoma baadaye humtazama mgonjwa kupitia neno hilo. Ni heri kuandika kilichoonekana: ulianza saa ngapi, ulidumu dakika ngapi, macho yalikuwa wazi au yamefumba, mgonjwa aliuma ulimi au la, alirudiwa na fahamu baada ya muda gani. Maelezo ya namna hiyo humsaidia daktari anayefuata; hukumu haimsaidii mtu.

Sheria inasema nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 15, inalinda uhuru wa kila mtu. Hakuna anayeweza kukamatwa, kufungwa, kufungiwa au kuwekwa kizuizini ila katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Ibara hiyo haikutaja magereza pekee. Wodi iliyofungwa kwa kufuli, ambayo mgonjwa hawezi kutoka, nayo ni mahali pa kuzuiliwa.

Utaratibu unaohusu afya ya akili uko katika Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya magonjwa ya akili. Sheria hiyo inatambua kulazwa kwa hiari na kulazwa bila hiari, na kulazwa bila hiari kuna masharti na hati zake. Mhudumu hawezi kuyaruka masharti hayo kwa kusema kwamba ndugu wamekubali. Ridhaa ya kaka haichukui nafasi ya ridhaa ya dada aliye mtu mzima na mwenye akili timamu.

Tena, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 14 ya mkataba huo inasema kwamba kuwapo kwa ulemavu hakuwezi kwa hali yoyote kuhalalisha kumnyima mtu uhuru wake. Maana yake wodini ni kwamba jina la ugonjwa, liwe kifafa au lolote jingine, halitoshi kuwa sababu ya kumfungia mtu.

Jirani zetu wa Kenya wamepitia mtihani wa karibu na huu. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walipelekwa mahakamani Kapsabet na kuamriwa kufungwa gerezani kwa miezi 8 ili wameze dawa huko. Waliachiwa baada ya wiki kadhaa. Machi 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kuwafunga gerezani kwa sababu hiyo kulivunja Katiba, na ikaiagiza serikali itunge sera ya kuwatenga wagonjwa wa kuambukiza inayoheshimu haki zao. Kifua kikuu kinaambukiza na kinaweza kuua jirani. Hata hivyo mahakama iliona kwamba mgonjwa hawi mhalifu kwa kuugua. Kifafa hakiambukizi kabisa. Anayetaka kumfungia mgonjwa wa kifafa ana mzigo mzito zaidi wa kueleza sababu yake.

Akili inayoondoka na kurudi

Msingi wa uamuzi wote ni swali hili: je, mgonjwa huyu, saa hii, anaweza kuamua? Anaweza kuamua ikiwa anaelewa anachoambiwa, anakikumbuka kwa muda wa kutosha kukipima, anapima faida na hatari, na anaweza kueleza alichochagua. Kuchagua kitu ambacho daktari hangekichagua hakuonyeshi kwamba akili imeondoka.

Katika kifafa, uwezo huo hubadilika kwa saa. Wakati wa degedege kubwa haupo. Baada ya degedege mgonjwa huweza kuchanganyikiwa kwa dakika kadhaa, pengine kwa saa kadhaa. Huweza kutembea, kuvua nguo, au kumsukuma anayemshika, bila kujua atendalo. Kumshika kwa nguvu wakati huo mara nyingi humzidishia vurugu. Inafaa kuondoa vitu vya hatari, kusimama kati yake na ngazi au barabara, kusema naye kwa sauti ya chini, na kungoja. Wachache hupata hali nzito zaidi: baada ya mfululizo wa degedege hutulia siku moja au mbili, kisha huanza kusikia sauti au kuwashuku watu. Hao wanahitaji kuangaliwa kwa karibu, na huenda wakahitaji kuzuiliwa kwa utaratibu wa sheria hadi watulie.

Degedege inayopita dakika 5, au zinazofuatana bila fahamu kurudi katikati, ni dharura ya kuokoa maisha. Hapo mhudumu hatibu bila ridhaa kwa ubabe. Anatenda kile ambacho mgonjwa mwenyewe angekitaka kama angeweza kusema. Lakini ruhusa hiyo ya dharura huisha pamoja na dharura. Fahamu zikirudi, uamuzi nao humrudia mwenyewe.

Yanayopaswa kufanywa wodini

Kwanza, pima uwezo wa kuamua kila zamu, na uandike. Aliyekuwa hawezi usiku huenda anaweza asubuhi.

Pili, kila kuzuia kuwe na sababu iliyoandikwa, jina la aliyeamua, saa ya kuanza na saa ya kuangaliwa upya. Kuzuia kusikokuwa na saa ya kuangaliwa upya kuhesabiwe kuwa kosa.

Tatu, chagua njia nyepesi kuliko zote zinazotosha. Ndugu anayekaa kando ya kitanda ni bora kuliko kufuli; kitanda cha chini ni bora kuliko kamba. Mgonjwa asifungwe wakati wa degedege, wala asitiwe kijiko mdomoni. Alazwe ubavu, kichwa kiwekewe kitu laini, muda uhesabiwe.

Nne, tenganisha tiba na deni. Mgonjwa asiyeweza kulipa aelekezwe kwa afisa ustawi wa jamii. Mlango usifungwe kwa ajili ya hesabu, kisha ikaandikwa kwamba umefungwa kwa ajili ya ugonjwa.

Tano, mgonjwa mwenye uwezo akitaka kuondoka kabla ya ushauri wa daktari, aelezwe hatari kwa lugha anayoielewa, apewe dawa za kutosha, tarehe ya kurudi, na jina la zahanati iliyo karibu naye. Asiondoke kwa kugombezwa. Anayegombezwa siku ya kuondoka huogopa kurudi siku ya hatari.

Sita, asiachishwe dawa ya kifafa ghafla, kwa kuwa kuacha ghafla huweza kuleta degedege isiyokatika. Mpango wa dawa ndio mlango halisi wa usalama wake.

Neno kwa wagonjwa na ndugu

Mgonjwa ana haki ya kuuliza: nimezuiliwa kwa sababu gani, kwa sheria ipi, hadi lini, na nani atanitazama tena? Ana haki ya kujibiwa. Wakati akili imetulia, ni vyema aseme mapema mbele ya ndugu anayemwamini angetaka atendewe nini siku atakapokuwa hajitambui: nani aitwe, dawa ipi imemfaa, nani amtunze mtoto.

Ndugu nao wana mzigo ambao hospitali haipaswi kuudharau. Katika bonde la Kilombero, msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani, mbali na zahanati, zikaishi katika vibanda vya kulindia mpunga, moto ukiwa chini na maji karibu. Huko ndiko kifafa kinakoua. Yako mambo machache yanayowezekana hata shambani: kuyainua mafiga au kuyazungushia ukuta mdogo wa udongo, mgonjwa asipike wala asichote maji mtoni akiwa peke yake, dawa za msimu mzima zichukuliwe kabla ya kuhama, na mtu mmoja kati ya walio shambani ajue namna ya kumlaza ubavu. Mate ya mgonjwa hayaambukizi. Anayemgusa haugui.

Jibu la swali

Katika mfano wetu, usiku wa kwanza mlango ulifungwa kwa haki. Mgonjwa hakujua alipo, hatari ilikuwa mbele yake, na hakuna njia nyingine iliyotosha kwa saa ile. Siku ya tatu mlango huohuo ulifungwa kwa dhuluma. Mgonjwa alikuwa anajua kila kitu, sheria haikufuatwa, na sababu zilizobaki zilikuwa mbili tu: hofu ya kaka na shaka ya daktari. Hofu ya kaka ilistahili kujibiwa kwa elimu na dawa. Shaka ya daktari ilistahili kujibiwa kwa uchunguzi zaidi. Hakuna kati ya hizo iliyostahili kujibiwa kwa kufuli.

Mgonjwa huyo angetakiwa kuketi na muuguzi na kaka zake mezani pamoja, mkono wake ukafungwa dawa upya, akaelezwa kwamba degedege tatu katika usiku mmoja ni onyo, akaombwa abaki siku mbili zaidi. Pengine angekubali, kwa kuwa ameombwa. Kama angekataa, angevuka daraja la Kilombero kurudi Ulanga akiwa na dawa zake mkobani na tarehe ya kliniki kichwani, na angejua kwamba mlango aliotokea ni mlango anaoweza kuingia tena. Wagonjwa wa Mahenge wa mwaka 1960 walirudi kliniki kwa sababu hiyohiyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kituo chako, nani anaamua kumzuia mgonjwa usiku, na uamuzi wake huandikwa wapi?

2. Ndugu akisema mgonjwa "si mzima," ni maswali gani ungemuuliza mgonjwa mwenyewe kabla ya kukubali au kukataa neno hilo?

3. Eleza tofauti kati ya kumtibu mtu asiyejitambua na kumtibu mtu anayejitambua lakini anakataa.

4. Ni mambo gani matatu yanayoweza kufanyika kijijini kwako ili mgonjwa wa kifafa asihitaji kufungiwa kabisa?